Kidege Kilichotua Nyuma ya Kigongo

Mume wangu Ambwene alipoacha kuuliza, ndipo nilipoogopa.

Tangu mwezi wa tatu alikuwa akiniuliza jambo moja tu. Kiharusi kilimpiga mwezi wa kwanza, kikamchukua mkono na mguu wa kulia na nusu ya maneno yake, akawa mtu wa kulala kitanda cha dirishani, nyumbani kwetu Tunduma, mtaa ambao malori ya kwenda Zambia hupanga foleni mpaka karibu na mlango. Mwezi wa tatu mdogo wake, Mika, alipiga simu kutoka Ibaba, kule milimani Ileje, akasema mvua imekata mlima. Hakuna aliyekufa. Lakini upande uliokatika ni wa ng'ambo ya kigongo cha mlima kilicho juu ya mji wao, kwenye kiwanja cha kwanza cha baba yao, na ndiko alikozikwa huyo baba yao. Njia ya kwenda huko ilikuwa imeondoka na udongo, na mtendaji wa kijiji alikuwa amekataza mtu yeyote kukanyaga pale mpaka ardhi itulie.

Niliweka simu sauti kubwa ili mgonjwa amsikie mdogo wake. Baadaye nilijuta. Kuanzia jioni ile, kila nilipomgeuza ubavu, kila nilipompangusa kidevu baada ya uji, aliniuliza kama kaburi la baba lipo. Nami nilimjibu kwamba tunaulizia.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Miaka mingi iliyopita alipolijengea kaburi lile kwa saruji, aliacha nafasi ya mtu mmoja mkono wa kulia, akatuambia sote kwamba ile ni yake. Sasa daktari alikuwa amemwita binti yetu mkubwa, Jenista, pembeni, akamwambia tujiandae. Ambwene hakuambiwa, lakini si lazima mtu aambiwe ndipo ajue. Alitaka kufahamu anakokwenda.

Mwezi wa tano, siku tatu zilipita hajauliza. Alitazama malori tu. Siku ya nne nilimwita mjukuu wangu Tusekile, mtoto wa Jenista, nikamuuliza kama kile kidege chake kinaweza kufika mahali ambapo mguu hauruhusiwi.

Tusekile ana miaka ishirini na sita, anafanya kazi duka la vifaa vya ofisi, na anarusha droni kwa kujifurahisha. Sisi nyumbani tunaita kidege. Wenzake waliponunua sofa, yeye alinunua hicho, na mama yake alimwambia kwamba ametoa mshahara wa miezi kununua inzi. Kina karatasi zake za usajili na kibali, anazihifadhi kwenye bahasha ya nailoni. Jumapili baada ya ibada alikuwa akikirusha uwanja wa shule, kwa woga mwingi, maana Tunduma si mahali pa kuchezea anga. Ukikosea kidogo tu kimevuka mpaka, na huko Nakonde utamweleza nani. Kwa hiyo alikuwa amekifunga kwa mipangilio kama mtu anavyofunga mbuzi kamba fupi: kisiende mbali zaidi ya mita mia moja, kisipande zaidi ya thelathini.

Nilipomweleza shida ya babu yake alisema kidege kipo, betri zipo mbili, ila simu hakuna.

Mimi sikuelewa, akanifafanulia. Kidege kina kamera, lakini picha yake inakuja kwenye simu. Simu inabanwa juu ya rimoti, waya mfupi unaunganisha, na ndani ya simu inakaa programu ya kukiongozea. Bila simu unarusha ukiwa kipofu. Simu yake ya zamani iliyoelewana nacho ilitumbukia kwenye ndoo ya maji wakati wa Pasaka. Alikuwa amevuka Nakonde akanunua nyingine, pana, inayong'aa mpaka unajiona meno. Tulijaribu hiyo jioni ile ile. Programu ilikataa kuingia. Akajaribu tena, ikaingia, ikajifungua, ikajifunga yenyewe.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi simu karibu na stendi, mzee kidogo, mwenye miwani, aliyezoea wateja wa ng'ambo kiasi kwamba alinisalimia kwa Kibemba, mwashibukeni mayo. Aliichukua ile simu pana, akaenda kwenye ukurasa unaoeleza simu yenyewe, akasoma, akaigonga gonga kwa kucha. Alisema boksi lake limeandikwa toleo jipya, lakini ndani ni simu ya zamani iliyovalishwa nguo. Akatuambia tusihangaike na ukubwa wa kioo. Kidege kinataka simu ambayo mfumo wake si wa zamani mno, yenye nafasi ya kutosha kupokea picha bila kukwama, yenye uwezo wake wa kujua ilipo duniani kwa setilaiti, na mdomo wa waya unaolingana na ule wa rimoti. Nyumbani kuna simu gani nyingine?

Nikafungua pindo la khanga nikatoa yangu. Ni simu aliyoitumia Jenista akanipa alipochoka nayo. Ina ufa pembeni na kava la maua. Fundi aliigeuza, akapekua, akaingiza waya ukakaa vizuri.

"Hii inafaa," alisema.

Tusekile akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Bibi, yaani yako?"

"Yangu ina nini?"

"Imejaa kwaya mpaka shingoni."

Ilikuwa kweli. Nilikaa kwenye kigoda cha fundi tangu saa nne mpaka saa saba mchana nikiondoa kimoja kimoja, kwa sababu sikukubali vifutwe kwa mkupuo. Niliondoa picha za maua zilizoandikwa asubuhi njema, na mahubiri niliyokwisha kuyasikia, na kwaya za watu nisiowajua. Palikuwa na video tatu za Ambwene kabla hajaugua, akinoa jembe huku ananitania kwamba mimi napiga picha kama mtu anayeiba. Hizo Tusekile alizihamishia kwenye memori kadi mbele yangu, na mimi nikazifungua moja moja kuona kama zimefika kabla ya kumruhusu afute. Ndipo programu ikaingia, ikakaa.

Tulifanya majaribio uwanja wa shule. Kava la maua ilibidi livuliwe, kwa sababu kishikio cha rimoti hakikuibana simu ikiwa imevaa. Mwanga wa kioo tuliupandisha wote, maana juani huoni kitu. Laini ilizimwa kwa muda, ili mtu asije akapiga simu ya kuniuliza habari za mgonjwa picha ikakatika kidege kikiwa hewani. Tusekile alikishika kidege akakizungusha pole pole, ubavu huu na ubavu huu, kama anapepeta mahindi, akasema ndivyo dira yake inavyowekwa sawa. Mimi nilimuuliza kitu kimoja: kikipotea je?

"Kitarudi chenyewe, bibi. Hiyo ndiyo kazi yake."

Alijibu upesi, nami nilimwamini, kwa sababu mambo mengine yote alikuwa ameyajibu sawasawa.

Alhamisi tulimwacha mgonjwa na Jenista. Sikumwambia Ambwene tunakwenda kufanya nini. Nilimwambia nakwenda kumwona Mika. Alinitazama muda mrefu kwa lile jicho la kushoto, ambalo ndilo lenye nguvu, na nadhani alielewa.

Ibaba ilitupokea kwa baridi. Mika anaishi pale pale kwenye mji wa baba yao, nyumba ya matofali ya kuchoma chini ya kigongo, na juu ya kigongo pamesimama milingoti mirefu, yaani mikaratusi, aliyoipanda baba yao. Viazi vilikuwa vimekwisha kuvunwa, mahindi bado. Mtendaji wa kijiji alikuja, akasoma karatasi za Tusekile mara mbili, akamuuliza kama kidege kina kelele ya kutisha ng'ombe. Akakubali, kwa sharti kwamba hakuna mguu wa mtu utakaovuka kigongo.

Tusekile alikitua kidege juu ya gunia katikati ya uwanja wa nyumba. Aliifungua ile kamba fupi ya Tunduma: umbali akaupandisha ufike mita mia sita, urefu wa kwenda juu mia na ishirini. Alinisomea kila namba kabla ya kuigusa, nami nikaitikia. Kikanguruma, kikapanda, kikawa kidogo kama mbayuwayu. Kwenye kioo cha simu yangu tuliona bati la Mika, jiko, mgomba mmoja, kisha milingoti kwa juu, vichwa tu. Mika alisogea karibu akauliza kama kinaweza kumwonyesha nani anamwibia kabichi.

Kikavuka kigongo. Tusekile alikishusha kidogo ng'ambo ya pili ili tuone chini. Tukaona wekundu, kisha picha ikaganda. Ukatokea mstari wa maandishi mekundu.

Alisema mawimbi yamekatika, mlima umekaa katikati, tusiogope, kitapanda na kurudi. Tukasimama tumeinua nyuso. Tulisubiri kusikia ule mngurumo. Dakika moja. Dakika mbili. Jogoo wa Mika aliwika, basi. Nikamwona Tusekile anapekua kurasa za ile programu kwa kidole gumba, anashuka, anashuka, kisha akaketi chini kwenye vumbi na sketi yake nzuri.

"Bibi, sikubadilisha," alisema.

Nilimwambia apumue kwanza, halafu aseme.

Akasema kule Tunduma, kwa kuogopa mpaka, alikuwa amekiamuru kidege kwamba kikipoteza mawimbi kisijaribu kurudi, kwa kuwa upepo ungeweza kukipeleka Zambia kikitafuta njia. Kitue hapo hapo kilipo. Umbali na urefu aliviona mbele akavibadilisha, lakini amri hii iko ukurasa wa chini, na alidhani imeanza upya pamoja na simu, kama programu ilivyoanza upya. Lakini amri hiyo haikai kwenye simu. Inakaa ndani ya kidege chenyewe, na kidege kilikuja nayo kutoka Tunduma mpaka Ibaba kama mtu anavyokuja na tabia yake.

"Kwa hiyo kimetua," nikasema.

"Kimetua huko kwenye udongo."

Mika alitema mate pembeni. "Basi nacho kimezikwa. Sasa makaburi ya kuulizia ni mawili."

Tusekile alianza kulia bila sauti. Sikumkemea. Nilimuuliza kama kidege kikiwa kimetua kinakuwa kimekufa. Akasema hapana, injini zake zinazimika lakini chenyewe kinabaki macho mpaka betri iishe. Rimoti ikikiona, itakishika tena. Kinachozuia ni kile kigongo. Basi, nikamwambia, twende juu ya kigongo. Mtendaji hakusema tusipande, alisema tusivuke.

Mika akasema hakuna njia ya kupanda. Njia ilikuwa ile ya pembeni, na ile imekwenda.

"Ipo," nilimwambia.

Hapa lazima nieleze. Niliolewa mji ule mwaka 1974. Kwetu Undali, huko milimani Ileje, wakati huo, mkamwana hakutazamana na baba mkwe. Usimtaje jina, usikanyage alipokanyaga, ukisikia anakohoa upande huu wewe upite upande ule. Jina lake silitaji hata hapa. Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa kukaa uwanjani mbele ya nyumba, na asubuhi na jioni alipita ile njia ya pembeni kwenda kiwanja chake cha kwanza. Sisi wakamwana, mimi na wenzangu watatu, maji yetu yalikuwa ng'ambo. Kwa hiyo tulijitengenezea njia yetu nyuma ya jiko, inapanda kigongo kwa mzunguko, mawe kwa mawe, na hapana mwanamume aliyewahi kuifuata, kwa kuwa hakuwa na sababu. Nimeipanda na ndoo kichwani nikiwa na mimba ya Jenista. Wenzangu wale watatu wote wamekwisha kufa.

Ilikuwa imefunikwa na magugu lakini mawe yalikuwepo. Nilikwenda mbele, nikiyatafuta kwa fimbo. Magoti yangu ni ya miaka sabini, kwa hiyo tulikwenda kwa mwendo wangu. Mika alinifuata nyuma akihema.

"Shemeji, nimezaliwa hapa na sijui njia hii."

"Haikuwa yako," nikamwambia.

Juu tulisimama kwenye majani marefu, milingoti mkono wetu wa kushoto. Tusekile aliinua rimoti kama mtu anayetoa sadaka. Yale maandishi mekundu yakapotea. Picha ikaja: nusu yake tope, nusu mbingu. Kidege kimelala upande lakini hakikupinduka. Betri asilimia hamsini na nne.

Alitaka kukiinua papo hapo. Nilimshika mkono. Nilimwambia kwanza aende kwenye ule ukurasa wa amri, anisomee, abadilishe, kisha anisomee tena. Akabadilisha: kikipotea, kirudi. Kirudi wapi? Akasema kikiinuka kitahesabu pale pale topeni kuwa ndiyo nyumbani kwake, kwa sababu ndipo kinapoanzia. Kwa hiyo kikishapaa tu lazima akiambie kwamba nyumbani ni hapa tuliposimama, na hapo ndipo simu yangu inapohitajika, maana yenyewe inajua ilipo. Na kirudi kwa urefu gani? Akatazama milingoti, akatazama kidege kilivyo chini kabisa kwenye mteremko. Urefu wake, alisema, unahesabiwa kutoka kinapopaa, si kutoka tulipo. Akaweka mia moja. Nikamwomba anisomee yote mara ya pili. Alisoma. Ndipo nikamwambia ainue.

Kikainuka kinayumba, tope likidondoka.

Miaka yote ile sikuwahi kumtazama baba mkwe usoni. Alipozikwa nilikaa na wanawake jikoni. Kaburi lake nililijua kwa rangi ya samawati iliyokuwa ikibaki kwenye suruali ya Ambwene kila mwaka alipokwenda kulipaka. Sasa Mika alisema macho yake hayaoni vitu vidogo, na Tusekile alikuwa ameshughulika na vidole vyake, na miwani ilikuwa yangu. Moyo wangu ulitaka nigeuze uso. Niliinamia kioo nikatazama.

Mteremko wote ulikuwa umechunika. Palipokuwa na kiwanja pamebaki udongo mwekundu mbichi, una mistari kama mgongo wa mtu aliyeburuzwa. Nilimwambia Tusekile aende kulia, arudi, ashuke. Tulitafuta samawati kama wanawake wanaotafuta shanga iliyoanguka. Chini kabisa, karibu na kijito, niliiona. Kipande cha saruji ukubwa wa mlango, kimepinduka, rangi upande mmoja. Akasogea. Hapakuwa na kingine. Tope lilikuwa limejaa mpaka pande zote za kijito, na kijito chenyewe kilikuwa kimehama mahali pake.

Mika alivua kofia.

Kidege kilirudi juu yetu, kikatushukia majanini. Tusekile alikizima, akakifuta tope kwa pindo la sketi.

Mika ndiye aliyeanza. Aliniomba nikamwambie kaka yake kwamba kaburi lipo. Alisema kwa upole, akiniita shemeji kila mara. Mtu yuko mlangoni, alisema, kwa nini aondoke na uchungu. Tusekile naye, kwa kutaka kusaidia, alisema picha zinaweza kukatwa. Tunaacha pale kidege kinapopanda na milingoti, tunatoa chini, tunaweka ile picha ya kaburi ya miaka ya nyuma iliyoko kwa mama. Babu hataona tofauti.

Nilishuka mawe yangu moja moja, nikifikiri. Nilifikiri kwamba Mika anampenda kaka yake na Tusekile anampenda babu yake, na hakuna aliyekosea. Lakini swali hakuwa amewauliza wao. Siku zote zile ameniuliza mimi, na mimi nimemjibu tunaulizia, na sasa nimekwisha kuulizia. Tulipofika jikoni nilimwambia Tusekile asikate kitu.

Ijumaa mchana tulikuwa Tunduma. Niliomba watu wote watoke isipokuwa Tusekile, wa kushika simu. Nilimwinua Ambwene kwa mito miwili, nikamwambia kwamba nilikwenda Ibaba kuangalia alichoniuliza, na kwamba sikufika kwa miguu, kidege kimefika.

"Lipo?" aliuliza.

"Halipo, baba Jenista. Mlima umelichukua. Nimeona kwa macho yangu, na picha yake hii hapa ukitaka."

Akaashiria kwa kidole cha kushoto kwamba anataka kuona.

Alitazama yote bila kupepesa. Ilipofika kile kipande cha saruji, chozi likatoka jicho moja tu. Nilimpangusa. Lori moja likawashwa nje, likaondoka. Kisha akasema, kwa ule usemi wake wa kukatika, kwamba basi tumzike mahali tutakapoweza kufika. Nilimwahidi. Nilidhani limekwisha hapo, nikaanza kumshusha mito.

Akakataa. "Tena," alisema.

Tusekile aliirudisha mwanzo. Safari hii hakuangalia chini. Pale mwishoni kidege kilipokuwa kinarudi juu yetu, tunaonekana watu watatu wadogo kama punje za maharage, aliweka kidole juu ya kioo. Tusekile akaisimamisha. Kidole kilikwenda mahali kinapotaka. Kilipita kwenye milingoti, na nikaona nami, kwa kuwa sasa nilionyeshwa: mitatu ya mwisho ilikuwa imeinama upande wa nyumba ya Mika, si upande wa maporomoko. Kisha kidole kikashuka kwenye majani. Palikuwa na mstari mweusi mwembamba, umeanzia chini ya miti, umefuata kigongo karibu urefu wake wote, juu ya bati la Mika. Tulikuwa tumesimama hatua kumi na tano kutoka pale.

"Ufa," alisema.

Tusekile alitazama, akaukuza, akaziba mdomo.

"Mika atoke."

Nilipiga simu. Nilimshikia Ambwene karibu na mdomo. Mika alipopokea alidhani ni mimi, akauliza nimemwambia nini mgonjwa. Ambwene alimwambia habari ya ufa kwa maneno kama sita, akipumzika kati ya moja na jingine, nami nikamalizia yaliyobaki, na nikamwambia Mika kwamba Tusekile atamtumia mtendaji picha saa hiyo hiyo. Mika akaanza kujitetea. Mahindi bado yako shambani. Nyumba ameijenga baba. Ng'ombe atawapeleka wapi. Mwisho akasema, sauti imemkauka, kwamba akitoka yeye, nani atabaki na wazee.

Ambwene alifunga macho akayatafuta maneno. Nilimwona akiyatafuta.

"Wazee," alisema, "wamekwisha kuhama."

Tusekile alikuwa amesimama kando ya kitanda, anamtumia mtendaji picha kwa ile simu yake pana. Halafu tukasikia Mika akimwita mkewe, na mlango, na akarudi kwenye simu akauliza mabati ya nyumba aanze kuyatoa upande gani.

"Wa mlimani," alisema kaka yake. "Leo."